Bwana Tepu na Saa ya Mafuta

Nikilala anahenyeka, nikihenyeka analala. Ni nani huyo?

Usikimbilie jibu. Mwanangu alilikimbilia akajikwaa, na huko kujikwaa kwake ndiko ninakotaka kukusimulia.

Mwanangu huyo ni fundi cherehani, tena mkubwa wa mafundi. Jina tulilompa mimi na marehemu baba yake limebaki kwenye cheti tu. Watu wote wanamwita Bwana Tepu, kwa sababu ya utepe wa kupimia unaoning'inia shingoni mwake tangu asubuhi hadi jioni. Hauvui hata akienda kuzika. Amepima viuno vya mji mzima. Anajua nani amenenepa tangu aoe, nani amekonda tangu aachike, na nani anavuta tumbo ndani mbele ya kioo akidhani fundi hana macho. Kiuno kimoja tu hajawahi kukipima, nacho ni chake. Wahenga walikwisha kusema habari za nyani, mimi sina la kuongeza.

Karakana yake inashona sare za shule. Ni chumba kirefu chenye paa la bati. Cherehani zimepangwa safu mbili kama watoto wanaosubiri kengele, na mwisho wa chumba ipo meza pana ya kukatia. Hapo mezani husimama mkataji, mtu mwembamba asiye na maneno mengi, ambaye wenzake humwita Mkasi. Kitambaa chote lazima kipite mikononi mwake kwanza, ndipo kiende kwa washonaji. Mkasi akikata haraka, safu zote zinakimbia. Akikata polepole, safu zinapumua. Mkubwa wa washonaji ni Mama Ovaloki, anayeshughulika na ile mashine ya kufunga pindo zisifumuke. Mashine yake inakwenda kasi, lakini mdomo wake unaiacha mbali.

Marehemu mume wangu ndiye aliyeianzisha karakana, na alikuwa na desturi yake. Kila siku, watu wakishakula cha mchana, mota zote zilizimwa. Walifagia nyuzi chini ya cherehani, wakapuliza vumbi kwenye bobini za uzi, wakadondosha mafuta tone kwa tone kwenye viungo vya mashine, ndipo wakaanza tena kushona. Waliiita saa ya mafuta. Bwana Tepu alipoachiwa karakana, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuifuta.

"Mama," aliniambia, "saa nzima mashine zinalala! Mashine hailishwi mafuta, inalishwa kazi."

Nikamwambia baba yake hakuwa mjinga. Akanijibu kwamba baba yake hakuwa na ushindani. Mwana akishaota ndevu, mama hubaki na vitendawili tu.

Imani ya mwanangu ilikuwa hii: mshonaji akizembea, mwongezee kitambaa. "Fundi akiona rundo mbele yake," alikuwa akisema, "uvivu unamtoka wenyewe." Mkasi akaamriwa akate bila kupumzika. Vipande vikajaa mezani, vikajaa mapajani, vikamwagika sakafuni. Kola za shule moja zikaangukia mikono ya mashati ya shule nyingine. Washonaji wakawa wanatumia nusu ya siku kutafuta mkono wa kulia uko wapi. Nyuzi zikaziba mota, mota zikachemka, na cherehani moja baada ya nyingine ikaanza kugugumiza. Msimu wa kufungua shule ulipofika, ilitoka kaptura yenye mifuko miwili nyuma na isiyo na pa kupitisha mguu wa kushoto.

Bwana Tepu akaiinua juu watu wote waione. "Mnaona matokeo ya uvivu? Mkasi, ongeza kukata!"

Yeye mwenyewe alikaa nyuma ya kioo kwenye kiti cha kuzunguka. Hakuwa akisimama ovyo. "Bosi akisimama, heshima inakaa," ndiyo kauli yake. Kando ya kiti lilikuwepo friji dogo la soda. Alikunywa moja asubuhi ya kufungulia kazi, nyingine ya kushushia chakula, na nyingine kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imemwacha na kiu. Kadiri alivyokunywa ndivyo kiu ilivyozidi, na kadiri kiu ilivyozidi ndivyo alivyoagiza katoni.

Kisha siku moja akashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Akausogeza karibu, akausogeza mbali, akaulamba, akaulaani.

"Viwanda vya siku hizi!" akafoka. "Sindano hazina tundu!"

Mama Ovaloki akaichukua, akatunga uzi mara moja, akamrudishia. "Tundu hilo bosi. Labda lilikuwa limejificha lilipokuona."

Aliyegundua lililokuwa likiendelea ni mjukuu wangu, binti yake Bwana Tepu, anayefanya kazi maabara. Huyo namwita mke mwenzangu, maana marehemu babu yake alikuwa mume wetu sote wawili, na yeye alikuwa mke mdogo mwenye kudekezwa. Kazini kwao wanachungulia seli kwa hadubini, vile vijumba vidogo ambavyo mwili umejengwa kwavyo. Alikuja kututembelea, akakaa sebuleni mchana kutwa, akamtazama baba yake akiinuka na kukaa.

"Baba," akasema, "unaenda chooni kana kwamba umepanga chumba huko."

"Ni maji tu, mwanangu. Nakunywa sana maji."

"Maji ya rangi ya chungwa?"

Kesho yake tulikuwa kliniki, sisi wanne: mgonjwa, binti yake, mkamwana wangu na mimi. Muuguzi akasema, "Baba, lete kidole nikutoboe kidogo tupime sukari."

Bwana Tepu akanyoosha mkono. Kila kidole kilikuwa kimevalishwa kastabini, kile kikofia cha chuma wanachovaa mafundi sindano isiwachome. Vidole vyote, hata gumba. Mkono ulimeta kama kinanda.

"Baba, na hivi vikofia?"

"Ni vya kazi, dada. Sivui."

"Unaogopa sindano? Wewe, fundi?"

"Mimi huchoma, dada. Kuchomwa ni fani nyingine."

Binti yake akakishika kidole cha pete, akaizungusha kastabini, akaitoa kama anayefungua chupa. Kilio kilichosikika kiliwafanya watoto waliokuwa foleni ya chanjo wamtazame mtu mzima kwa huruma.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya mtu aliyesema maneno yaleyale tangu asubuhi. Akasema ni kisukari, aina ya pili, na kimepanda sana. Akaandika vidonge. Akasema soda basi, sukari kwenye chai basi, sahani ipungue, na miguu ifanye kazi iliyoumbiwa.

"Urudi baada ya miezi mitatu. Kama haijashuka vya kutosha, tutaanza sindano za insulini."

Rangi ikamtoka mwanangu. "Sindano? Za kila siku?"

"Za kila siku."

"Daktari, hakuna namna nyingine ya kuikwepa?"

Nje foleni ilikuwa imefika mlangoni. Daktari akajibu huku akimwita mgonjwa mwingine kwa macho. "Seli zako za kongosho zimechoka, Baba. Ndizo zinazotengeneza insulini, na umezifanyisha kazi kupita kiasi. Ukitaka kuikwepa sindano, zipe mapumziko."

Umewahi kumtuma mtoto dukani chumvi, sabuni na kiberiti, na kwenye chenji ajinunulie peremende? Atasahau yote, peremende hatasahau. Mwanangu alitoka pale na neno moja tu. Hakusikia soda, hakusikia sahani, hakusikia miguu.

"Mapumziko!" alisema langoni, tayari anatafuta pa kukaa. "Mama umesikia. Daktari mwenyewe kasema."

Basi akapumzika. Jamani, yule mtu alipumzika! Sijapata kuona mtu akihangaikia mapumziko kiasi kile. Sofa kubwa ya sebuleni ilisogezwa karibu na dirisha apate hewa, kisha ikarudishwa maana hewa ilikuwa inamchosha. Rimoti iliwekwa juu ya tumbo ili mkono usisafiri. Slipa zilipangwa zikitazama choo, zisimpotezee hatua. Karakana aliisimamia kwa simu siku chache za mwanzo, halafu akaona hata kuongea ni kutumia nguvu, akaacha.

"Naokoa nishati," alisema. "Seli zangu zinajijaza."

Na mkamwana wangu ndiye aliyekuwa akikimbia. Mto, maji, chai, mto mwingine. Siku moja nikamtegea mwanangu kile kitendawili, nikidhani kitamfungua macho.

"Kitendawili!"

"Tega, mama."

"Nikilala anahenyeka, nikihenyeka analala."

Hakufikiri hata kidogo. "Rahisi hiyo! Mke wangu!"

Mkamwana alikuwa anapita na sinia. Akasimama. "Umesikia, mama? Mimi sijasema kitu. Amejishtaki mwenyewe."

"Si hilo jibu," nikamwambia. "Nipe mji."

"Mji sikupi. Nitalipata."

"Wewe pumzika," akasema mkamwana. "Utalipatia wapi na akili nayo imelala kuokoa nishati?"

Habari za ugonjwa zikaenea, na wageni wakaanza kuja. Nani aende kumwona mgonjwa mikono mitupu? Mmoja alileta juisi za boksi. Mwingine akaleta biskuti za krimu. Jirani akaleta asali, akaapa kwamba hiyo haina neno kwa mwenye sukari, kwa kuwa nyuki hawajui kiwanda kiko wapi. Kila mmoja alisema lilelile: mgonjwa lazima apate nguvu. Wakala nao kidogo wamsindikize, wakaondoka wakisema amependeza, amejaa, ugonjwa haujamchezea. Lakini mwanangu alikuwa anamwita jirani kwa jina la shemeji yake, kwa kuwa kutoka kwenye sofa hadi mlangoni nyuso zote zilikuwa ukungu.

Aliyepiga msumari wa mwisho ni binamu yake, fundi simu. Alikuja na kopo la glukosi ya unga.

"Kaka," akasema, "seli ni betri. Betri ikiisha chaji unafanyaje? Unachomeka! Wewe umezilaza tu bila kuzichomeka, zitajaaje?"

Mwanangu akaona hilo ni jambo la kitaalamu. Akakoroga glukosi kwenye jagi, akawa anakunywa asubuhi, mchana na jioni, kwa uchungu na nidhamu, kama anayekunywa dawa. Ile kiu ya zamani ikarudi na ndugu zake.

Mke mwenzangu alipokuja mwisho wa juma akamkuta na jagi kifuani.

"Baba, hii nini?"

"Chaji."

Akaonja. Nikaona macho yake yanajaa maji, na hakuwa mtoto wa kulialia. "Baba! Unajua unachokifanya? Macho tayari hayaoni vizuri. Yatafuata mafigo. Itafuata miguu."

"Lakini nazipumzisha, mwanangu! Tangu kliniki sijabeba hata kikombe. Na chakula cha nguvu nazipa."

"Baba, seli zako hazijachoka kwa njaa. Zimechoka kwa shibe."

"Mwenye shibe anachokaje?" akauliza. Akageukia ukutani, akajifunika shuka hadi kichwani, maana mazungumzo nayo yalikuwa yanamaliza chaji.

Lililomwinua kwenye sofa halikuwa sayansi. Lilikuwa wivu.

Mkamwana alikuwa amepita karakana, akarudi na uso wa ajabu. "Sare zimekwisha," akasema.

"Zimekwisha nini? Zimechomwa moto?"

"Zimekwisha kushonwa. Zote. Zimepigwa pasi, zimetundikwa. Mwalimu mkuu amekuja kuchukua, amesema kola safari hii zimekaa shingoni."

Shuka ikaanguka. "Nani anawasimamia?"

"Hakuna."

"Haiwezekani! Watafanyaje kazi bila mimi?"

"Ndilo hilo na mimi nimeshangaa," akasema mkamwana, na sauti yake ilikuwa tamu kuliko lile jagi.

Mwanangu akavaa viatu mwenyewe. Akatoka bila kumngoja wa pikipiki. Akashika njia kwa miguu, utepe unamyumba shingoni, mimi na mjukuu, aliyekuwa bado hajaondoka, tunamfuata nyuma. Alisimama mara nyingi kuhema, akashika nguzo ya umeme, akashika ukuta wa duka la vifaa, lakini wivu ukamsukuma mpaka mlangoni kwake.

Ndani kulikuwa kimya. Mota zote zimezimwa.

"Mgomo!" akapiga kelele. "Nilijua! Huu ni mgomo!"

Mama Ovaloki akainua kichwa kutoka chini ya mashine, brashi mkononi. "Ah, bosi! Shikamoo. Umepona? Si mgomo. Ni saa ya mafuta."

"Nani amewaruhusu?"

"Hakuna aliyetukataza. Ulipokuwepo, kila tukitaka kusafisha mashine unatuletea rundo. Ulipoondoka tukaona sakafu. Tulikuwa tumesahau ina rangi gani."

Mwanangu akatazama meza. Mbele ya kila mshonaji kulikuwa na vipande vya kumtosha tu. Akamgeukia Mkasi, aliyekuwa amesimama mikono mfukoni.

"Na wewe mbona hukati?"

"Nangoja vile vya asubuhi vishonwe, bosi."

"Na majora yote yale ya kitambaa stoo?"

"Majora ya stoo hayamsumbui mtu. Kinachowaziba hawa ni kile nilichokwisha kukata."

Mjukuu wangu akanishika mkono. "Bibi, umesikia alivyosema?"

"Nimesikia, mke mwenzangu. Mwambie baba yako, mimi alishaninyima mji."

Akavuta kigoda, akamkalisha baba yake mbele ya cherehani iliyofunguliwa tumbo. Washonaji nao wakasogea.

"Baba, kongosho lako ni karakana hii. Sukari ni kitambaa. Kila seli inayotengeneza insulini ina mkataji wake mlangoni, anaipokea sukari na kuanza kuikata ili iwe nishati. Ile nishati ikipanda, seli inajua kwamba sukari imeingia, inatoa insulini. Insulini inaenda kuufungulia mwili milango, sukari inaingia, damu inatulia. Umenielewa hapo?"

"Hapo sawa. Mkasi anakata, hawa wanashona, sare inatoka."

"Sasa mle ndani kuna wasimamizi wawili. Mmoja anasema: mali ipo, kata, shona, panua! Mwingine anasema: mali imepungua, zimeni mota, fagieni, tieni mafuta. Mtu akila kwa kiasi na akitembea, wanapokezana. Wewe, kwa soda na glukosi, yule wa kwanza hajawahi kufunga mdomo. Na yule wa pili..."

"Alifukuzwa kazi," akasema Mama Ovaloki, "siku ulipofuta saa ya mafuta."

Watu wakacheka. Mwanangu hakucheka.

"Vipande vikarundikana ndani ya seli," mjukuu akaendelea. "Siku hizi watafiti wanaona kwamba madhara mengi hayatoki kwenye sukari yenyewe ikiwa nje. Yanatoka kwenye ile iliyokwisha kuanza kukatwa mle ndani. Inaziziba mota. Seli haijafa, lakini mtambo wake wa nishati umefifia. Sukari inagonga hodi, yenyewe haisikii. Kazini kwetu tumejaribu kumpunguza kasi yule mkataji, kwenye seli za majaribio tu, bado si dawa ya binadamu. Lakini tukimpunguza, mota zinaanza kunguruma tena."

"Na mimi..." mwanangu akaanza.

"Wewe uliona mota zimefifia, ukaongeza kitambaa. Ukakiita chaji."

Akaitazama ile kaptura isiyo na mguu wa kushoto, ambayo Mama Ovaloki alikuwa ameitundika ukutani iwe kumbukumbu. Kisha akavua utepe shingoni, akauzungusha kiunoni mwake, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ufundi. Ncha zilikutana, lakini kwa taabu, kama ndugu waliogombana. Hakutaja namba. Mama Ovaloki, Mungu amjalie, naye akatazama pembeni.

Usidhani mtu hubadilika tumbo na roho siku moja. Kesho yake alianza kwenda kazini kwa miguu, friji la soda akaligeuza kabati la vifungo, na wageni wenye juisi wakaambiwa wazirudishe dukani. Lakini pia alibandika kibao karakana: SAA YA MAFUTA, UBUNIFU WA BWANA TEPU. Mkamwana alipouliza ubunifu huo aliufanyia wapi, akasema kwenye sofa. Nikafikiri juu ya marehemu mume wangu, nikacheka peke yangu.

Siku ya kliniki ikafika. Njiani mwanangu alikuwa anahesabu mema yake kwa sauti: ametembea, ameacha, amepunguza. Kule sofani hakukutaja. Mfukoni nilisikia kitu kikilia kwa kugongana, nikajua ni zile kastabini.

Daktari akatazama majibu, akamtazama yeye. "Imeshuka, Baba. Hongera. Lakini kwa ilikokuwa imepanda, haijashuka vya kutosha. Tuanze insulini."

Mkono wa mwanangu ukazama mfukoni. "Daktari, lakini nimetembea!"

"Umetembea wiki za mwisho."

"Niongezee muda! Nipe msimu mmoja!"

Binti yake akapiga magoti mbele ya kiti chake, kama alivyokuwa akifanya mtoto akitaka kupimwa gauni. "Baba, sare zikizidi na mafundi wako wamechoka, unafanyaje?"

"Nachukua kibarua."

"Hii sindano ni kibarua. Inaleta insulini iliyotengenezwa nje, wale wa ndani washushe mikono, wafagie, watie mafuta."

Mwanangu akamtazama. Nikaona jambo linapanda usoni mwake polepole, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. "Yaani nikichomwa mimi, wao wanapumzika?"

"Ndiyo, Baba."

"Na mimi miezi yote hii nimekuwa nikiikimbia sindano ili wapumzike."

Kuna maneno ambayo mtu akishayasema mwenyewe, kuyarudia ni kumwonea.

"Watarudi kazini?" akamuuliza daktari.

Daktari safari hii hakutazama mlangoni. "Wengine hurudi, wengine hawarudi. Sitakudanganya. Ila ukiendelea hivi, hatabaki hata mmoja wa kumsubiri."

Muuguzi akaleta kile kisindano. Mwanangu akatoa mkono mfukoni. Zile kastabini akazimwaga mapajani mwangu, zikalia kama njuga. Akafumba macho. Halafu akafumbua jicho moja.

"Hiyo ni namba ngapi?"

"Namba?" akashangaa muuguzi.

"Sindano ina namba, dada. Ya jinzi ni nene, ya hariri ni nyembamba. Nionyeshe." Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakunja macho. Nikaona midomo yake inajikunja kwa dharau ya fundi. "Hii? Hii ndiyo niliyokuwa naikimbia? Hii hata shela la bibi harusi haitoboi!"

"Basi lete tumbo," akasema muuguzi.

"Acha. Nionyeshe pa kuchoma. Mimi sichomewi na mtu, kazi yangu naijua." Na akachoma mwenyewe, taratibu, kama anayefunga kifungo cha mwisho cha suti ya mteja mkubwa. Kisha akatutazama sote, akitegemea makofi. Mkamwana wangu ndiye aliyepiga.

Tulipofika nyumbani alivua viatu, akaelekea kwenye sofa kwa mazoea. Akaishia katikati ya sebule.

"Mama. Kile kitendawili. Nikilala anahenyeka, nikihenyeka analala."

"Nakisikia."

"Kongosho."

"Umepata, baba. Mji wako ubaki nao."

Mkamwana alikuwa amekwisha kukaa kwenye ile sofa, miguu juu, mto nyuma ya mgongo. "Mama, lile jibu lake la kwanza mbona ulilikataa? Mimi naona nalo lilikuwa sahihi."

Mwanangu akamtazama mkewe, akatazama sinia la vikombe tulivyoviacha asubuhi. Akakunja mikono ya shati, akalibeba kwenda jikoni. Tukasikia maji yakifunguliwa, kikombe kikigonga kikombe, na sauti yake ikitoka huko ndani:

"Sabuni mnaweka wapi nyumba hii?"

"Tafuta," akasema mkamwana akifumba macho. "Mimi naokoa nishati."